Stima Imerudi, Waifai Iko, Mbona Seva Bado Imekufa?

Leo sizungumzii simu mpya. Leo ni historia, tena historia ya kitu mnachokutana nacho kila mwezi na hamkijui jina. Stima inapotea Malindi, inarudi baada ya nusu saa, kompyuta ya ofisini inawaka yenyewe, rauta inawasha taa zake zote, simu yako inashika waifai na WhatsApp zinaingia kama mvua. Lakini ile programu ya dukani, au ya shule, au ya zahanati, haifunguki ng'o. Mtu anasema, "Mtandao uko chini." Kampuni ya intaneti inapigiwa simu. Kampuni inajibu laini iko sawa. Basi ni kugombana mpaka jioni.

Laini iko sawa kweli. Kilichovunjika ni mpangilio wa kuamka, na mizizi yake ina zaidi ya miaka 40. Nataka niwaeleze ulikotoka, manake nimechoka kuona watu wa huku wakilipa fundi mara kwa mara kwa ugonjwa ambao dawa yake ni mistari michache ya maandishi.

Tuanze mbali. Mwaka 1983 Chuo Kikuu cha California pale Berkeley kilitoa Unix yao, 4.2BSD, ikiwa na TCP/IP ndani yake, yaani ile lugha ambayo intaneti yote inaizungumza hadi leo. Muda si muda Sun Microsystems wakaleta NFS, ukaweza kufungua faili zilizoko kwenye mashine ya chumba kingine kana kwamba ziko kwako. Sasa fikirieni mtandao wa watu hao ulikuwaje. Waya mnene umepita ndani ya jengo moja. Stima haipotei ovyo. Anwani ya kila mashine imeandikwa kwa mkono kwenye faili na haibadiliki. Ukiwasha kompyuta yako asubuhi, mtandao ulikuwepo tangu jana. Nani angekaa aandike programu inayouliza, "Je, mtandao umeshafika?" Ingekuwa kama kuuliza kama bahari iko.

Linux ilianza 1991, Linus Torvalds akiwa mwanafunzi kule Helsinki, na waliojenga mifumo juu yake walirithi desturi hizo za Unix, pamoja na namna ya kuwasha huduma iliyotoka kwenye System V ya AT&T. Mwaka huo huo wa 1991 ndio daraja la Kilifi lilipofunguliwa. Kabla yake watu na magari walivuka kwa feri, waulizeni wazee. Mfumo ule wa zamani wa Linux mimi huuelewa kwa feri hiyo. Kila huduma ilikuwa na namba. Kwenye Red Hat za zamani ungekuta S10network, S25netfs, S55sshd, S85httpd. Namba ndogo inavuka kwanza, ikimaliza ndiyo inayofuata inapanda. Skripti ya mtandao ilisimama pale ikiomba anwani, na mashine nzima ikasimama nyuma yake. Iliudhi, bwana. Waya ukiwa haujachomekwa, unakodolea skrini macho dakika nzima. Ila namba 85 ilikuwa na hakika kwamba namba 10 kashamaliza kazi yake.

Halafu zikaja laptopu na waifai. Mtandao ukawa kitu kinachokuja na kuondoka, unakuwa nao mezani unaukosa msalani. Mwaka 2004 Red Hat wakaleta NetworkManager ili kusimamia hilo. Na tarehe 30 Aprili 2010 Lennart Poettering akaandika makala ndefu kutangaza systemd, kazi aliyoianza pamoja na Kay Sievers. Wazo lenyewe lilikuwa kubomoa feri na kuweka daraja: huduma zote zianze kwa pamoja, anayengoja ni yule tu aliyesema waziwazi anamngoja nani. Fedora wakaichukua Mei 2011. Debian walivutana vibaya mno hadi Februari 2014, kamati yao ya ufundi ikagawanyika nusu kwa nusu na mwenyekiti akapiga kura ya kuamua. Waliokasirika wakaenda kuanzisha Devuan. Ubuntu ikafuata Aprili 2015.

Ugomvi wenyewe siuingilii, umeandikwa vya kutosha na wazee wenye ndevu. Mimi nasema systemd haikuharibu kitu hapa. Iliweka wazi deni lililokuwepo tangu 1983. Programu nyingi zilikuwa hazijui kungoja mtandao, zilikuwa zinabebwa na foleni. Foleni ilipoondoka, zikajikuta ng'ambo kabla ya mtandao wenyewe kuvuka.

Hapa ndipo wengi wanapotea, na kosa liko kwenye jina. Ndani ya systemd kuna kituo kinaitwa network.target. Ukisikia jina unadhani maana yake mtandao upo. La. Maana yake ni kwamba programu inayosimamia mtandao imeanzishwa. Imeanzishwa tu! Huenda haina waya, haina anwani, haina chochote. Kazi yake kubwa hasa ni wakati wa kuzima, ili huduma zifungwe kabla mtandao haujakatwa. Kile kituo kinachongoja mtandao wenyewe ni kingine, network-online.target, na hicho hakiji kama hakuna aliyekiita. Ukiandika After= peke yake umesema "nije nyuma yake kama yupo". Lazima uandike na Wants=, yaani "mleteni aje". Watu wanaandika mstari mmoja, wanasahau wa pili, halafu wanaapa kwamba wameshajaribu kila kitu.

Mtu wa Malindi hahitaji kufundishwa tofauti hiyo, ni vile tu hajaambiwa kwamba ndiyo hiyo. Ile nguzo ya Vasco da Gama mnayokwenda kupigia picha ina kisa chake. Jamaa alitia nanga hapa katikati ya Aprili 1498, akapewa rubani, akang'oa tarehe 24 Aprili kusi ikiwa ndiyo inaanza. Siku 26 tu, tarehe 20 Mei yuko Calicut. Kurudi hakutaka kungoja kaskazi itulie. Aliiacha pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, na ufuo wa Afrika akauona Januari 1499. Bahari ile ile, karibu miezi mitatu, mabaharia wakifa kwa kiseyeye njiani. Alipofika tena Malindi watu waliobaki walikuwa wachache hata kuendesha meli zote hawawezi, moja wakaichoma. Chombo kilikuwa tayari, tanga limepandishwa, maji yamepakiwa, kila kitu kimefuata utaratibu. Upepo ndio haujafika. Network.target ni tanga kupandishwa. Network-online.target ni upepo.

Chuoni nilikaa mwaka mmoja na nusu, nikatoka kwa sababu ya karo na sababu nyingine zisizowahusu. Tulifundishwa runlevel saba, kutoka 0 hadi 6, tukazikariri kama tebo za hesabu. Maabara yenyewe ilikuwa na Ubuntu yenye systemd. Yani tunasomea feri tukiwa tumekaa juu ya daraja, na hakuna aliyetuambia. Sisemi chuo hakina maana. Nasema noti zile zilikuwa za mashine ambazo hazikuwepo chumbani.

Sasa turudi huku kwetu, manake hadithi hii imeandikwa na watu wa Helsinki na Berkeley lakini ikija Pwani inauma zaidi. Kabla ya 2009 intaneti ya Kenya karibu yote ilipita kwenye satelaiti, na ile satelaiti inayosimama juu ya ikweta iko karibu kilomita 36,000 angani; ujumbe unakwenda na kurudi zaidi ya nusu sekunde. Mwaka 2009 SEACOM na TEAMS zikatua Mombasa, TEAMS ikitokea Fujairah, na 2010 EASSy. Mtandao wa dunia ukawa uko saa mbili tu kwa matatu kutoka Malindi. Lakini kipande cha mwisho, kutoka faiba kubwa hadi mezani kwako, wengi tulikipata kwa modemu ya USB.

Mnazikumbuka zile modemu? Nyingi za Huawei, ukichomeka, kwanza inajidai ni CD. Haitanii, inaiambia kompyuta kabisa, "Mimi ni CD, nina programu za Windows za kusakinisha." Kwenye Linux ilibidi programu inayoitwa usb_modeswitch iiambie iache mchezo igeuke kuwa modemu. Baada ya hapo itafute mnara, ipige, ipewe anwani. Wakati wote huo huduma zako zimeshaamka zamani, zimeita, hazikujibiwa, zimekufa. Kwa mtu wa Berkeley mtandao ulimtangulia mashine. Kwetu umekuwa ukiifuata nyuma.

Halafu kuna stima. Mnakumbuka 7 Juni 2016, tumbili aliyepanda kituo cha Gitaru akaangukia transfoma, nchi nzima ikazima? Mnakumbuka Ijumaa ya 25 Agosti 2023 mpaka uwanja wa ndege wa Nairobi ukawa giza? Siku kama hizo kila mtu anazungumzia giza. Mimi nazungumzia dakika tano baada ya stima kurudi. Seva na rauta zinapata umeme sekunde ile ile. Seva ya siku hizi ina diski ya SSD, inamaliza kuwaka kwa sekunde 15 au 20. Rauta inachukua dakika nzima, mbili, na zaidi kama inatafuta mnara. Seva inashinda mbio ambazo haikutakiwa kushinda. Na kama zamani ulikuwa na diski ile ya kuzunguka, polepole, huenda hukuwahi kuona tatizo hili. Ukaboresha mashine, ukanunua SSD, na ndipo ikaanza kusumbua. Watu wanasema SSD ni feki. Si feki, ina haraka tu.

Mwaka jana niliitwa zahanati moja ya watu binafsi huku kwetu, jina naliacha. Kumbukumbu za wagonjwa ziko kwenye seva ndogo ya Linux, hifadhidata ni PostgreSQL, na vyumba vitatu vinaingia kupitia mtandao wa ndani. Hata intaneti haihitajiki, ni mtandao wa ndani ya jengo. Kila stima ikipotea na kurudi, vyumba vyote vinakosa kuingia. Kina mama wamekaa kwenye benchi na watoto wa chanjo, wengine wametoka Ganda na wengine Kakuyuni kwa bodaboda, wanaambiwa mfumo umekataa, warudi kesho. Nauli ya kurudi kesho hiyo nani anatoa? Mhudumu wa hapo, mama mtu mzima, akaniambia, "Mwanangu, huyu fundi wenu akija kunakuwa kuzima. Akiondoka, stima ikicheza tu, kunarudi kule kule."

Nikamwambia, "Sista, fundi akija huwa anafanya nini?"

"Anazima seva anaiwasha. Inafanya kazi. Tunamlipa."

Umeona? Fundi akizima seva peke yake, rauta imeshawaka tangu asubuhi. Mtandao unaitangulia mashine, kama Berkeley 1983. Kila kitu kinakwenda. Hajawahi kuuona ugonjwa kwa macho yake, kwa sababu ugonjwa unatokea vyote viwili vikizimwa pamoja. Mimi nilikwenda kwenye swichi kubwa ya jengo, nikaomba ruhusa, jioni wagonjwa wamekwisha, nikazima zote. Nikawasha. Seva ikaamka, vyumba havikuingia.

Na hapa palikuwa na mtego mzuri. Ukiandika systemctl status, hifadhidata inaonyesha kijani, iko hai. Systemctl --failed haina kitu. Ndiyo maana yule fundi aliamini seva haina kosa. Lakini nikasoma logi ya kuwaka huko, journalctl -b, na faili ya logi ya PostgreSQL yenyewe. Imeambiwa isikilize kwenye anwani mbili: ile ya ndani ya mashine yenyewe, na ile ya 192.168 ambayo rauta hutoa. Wakati inaamka, rauta ilikuwa bado inajinyoosha, anwani ya pili haipo. PostgreSQL ikaandika onyo kwamba imeshindwa kuikamata anwani hiyo, halafu ikaendelea na ile moja iliyoipata. Haikufa. Ilikuwa hai inajisikiliza yenyewe, kama mtu aliyefunga mlango akaimba bafuni.

Kwa hivyo hata ukiiwekea amri ya kuanza upya ikifa, haisaidii, manake haijafa. Dawa mbili. Ya kwanza, iambie isikilize anwani zote badala ya kutaja moja ambayo huenda haijazaliwa, kisha weka ukuta wa moto na ruhusa ndani ya pg_hba.conf ili vyumba vya ndani tu viingie. Hiyo ndiyo niliyoiweka, kwa sababu haijali rauta imechelewa dakika mbili au ishirini. Ya pili ni kuifanya ingoje network-online.target, hata mfano wa maelezo rasmi ya PostgreSQL siku hizi umeandika hivyo. Lakini jihadhari na hii. Kingojeo cha NetworkManager kina subira ya sekunde 60 tu, na kwenye mifumo ya nyuma kidogo ni 30. Kile cha systemd-networkd ni 120. Rauta yako ikizidi hapo, kingojeo kinakata tamaa, na kwa kuwa uliandika Wants=, huduma inaendelea hivyo hivyo bila mtandao. Unaweza kuongeza muda. Ila pima rauta yako kwanza kwa saa, usibahatishe.

Zahanati hiyo ilikuwa na kijiprogramu kingine cha kutuma nakala ya data nje usiku, na chenyewe kilikuwa kinakufa kweli. Kilikuwa na Restart=on-failure, mtu aliwaza vizuri. Tatizo ni kwamba systemd, usipoiambia, inaanza upya baada ya milisekunde 100, na ikiona majaribio 5 ndani ya sekunde 10 inafunga mlango. Hesabu mwenyewe: majaribio matano yamekwisha kabla rauta haijawasha taa ya pili. Niliongeza RestartSec=15. Mstari mmoja. Sasa kinajaribu kila robo dakika mpaka mtandao uje, hata uje alfajiri.

Najua kuna anayesoma hapa na dawa yake ni kuandika sleep 60 kwenye skripti ya kuwasha. Mimi siipendi hiyo. Inafanya kazi siku rauta iko nzima. Siku stima imekuja na kurudi mara tatu, au mvua imelowesha mnara, sekunde 60 hazitoshi, na siku nyingine zote umemkalisha mgonjwa dakika nzima bila sababu. Saa haijui kama upepo umefika.

Na msinielewe kwamba network-online ndiyo mwisho wa safari. Tarehe 24 Februari 2024 nyaya kadhaa zilikatika Bahari ya Shamu, SEACOM ikiwemo. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo EASSy na SEACOM zikakatika karibu na Afrika Kusini, na Afrika Mashariki yote ikaenda kama kobe. Siku hizo waya wako uko, anwani unayo, rauta inameta, Linux inaapa kwamba uko mtandaoni. Imejibu iliyoulizwa: uko mtandaoni hadi kwenye rauta. Kule unakotaka kwenda hakuna aliyeliuliza. Kwa hiyo mwenye kuandika programu ya watu wa huku, na najua mko vijana wengi pale Kilifi na Mtwapa mnaoandika, msiikabidhi kazi ya kungoja kwa systemd peke yake. Programu yenyewe ijue kujaribu tena, ipumzike, ijaribu tena, na ifanye kazi zisizohitaji mtandao wakati inangoja. Mtoto wa chanjo anaweza kuandikwa bila Ulaya kujua.

Wenye Raspberry Pi mna balaa la ziada. Nyingi hazina betri ya saa, stima ikirudi zinaamka zikidhani bado ni wakati ule zilipozimwa, kisha vyeti vya tovuti vinakataliwa kwa sababu tarehe hailingani, na saa ya kweli inatoka mtandaoni, ambao ndio haujafika. Hiyo nitaiandika kivyake. Kwa sasa, jioni moja kazi ikiwa imekwisha, zima swichi kubwa, washa, ngoja dakika tano, kisha nitumie matokeo ya journalctl -b. Ficha majina ya watu kwanza.